Tuulizane Lugha: Mwanzo ni ule ule, maana ni nyingine

Miongoni mwa barua zilizofika mezani kwetu kwa ajili ya safu hii, tano zinavuta uzi mmoja: maneno ya Kiingereza ambayo herufi zake za mwanzo zinafanana, na kama mfanano huo unatuambia lolote kuhusu maana. Si ajabu kwamba jambo hili linamsumbua msemaji wa Kiswahili. Kwetu sisi mwanzo wa neno ndiko sarufi inakokaa. Tukisikia wa- tunatarajia watu, tukisikia ki- tunaiandalia vi-, na mtoto wa miaka minne huyafanya hayo bila kosa kabla hajaonyeshwa kalamu. Tunapoingia katika Kiingereza tunakwenda na mazoea hayo hayo, na mara nyingine yanatuponza.

SWALI: Ninaendesha lori la mafuta kati ya Mombasa na Kampala. Juzi tulisimama kwenye gereji ambako kulikuwa na pipa la tina ya kuchanganyia rangi, limeandikwa "inflammable". Utingo wangu, kijana aliyesoma hadi kidato cha nne, akataka kuwasha sigara kando yake, akisema kwamba "incomplete" ni kitu kisichokamilika na "incorrect" ni kisicho sahihi, basi "inflammable" ni kisichoshika moto. Nilimnyang'anya kiberiti, lakini hoja yake sikuweza kuijibu. Nani kati yetu ana haki? (Dereva, Mombasa)

JIBU: Mwenye haki ni wewe, ndugu dereva, na ulifanya vyema kuchukua kiberiti kwanza na kutafuta hoja baadaye. "Inflammable" ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Hata hivyo usimcheke utingo wako, kwa maana hoja yake ingesimama vizuri kabisa kama Kiingereza kingekuwa na in- moja tu. Kinazo tatu.

Ya kwanza ni ile anayoijua yeye, in- ya Kilatini inayokanusha, nayo ndiyo iliyomo katika "incomplete" na "incorrect". Ya pili ni ya Kilatini vilevile, ila maana yake ni ndani, au kuelekea ndani, na hiyo ndiyo iliyomo katika kitenzi cha Kilatini "inflammare", yaani kukitia kitu katika miali ya moto, kukiwasha. "Inflammable" imezaliwa na kitenzi hicho, kwa hiyo ni kitu kinachoweza kuwashwa, na nduguye wa karibu ni "inflammation", ule uvimbe wenye joto na wekundu ambao daktari huuandika kwenye kadi ya mgonjwa. Ya tatu ni "in" ya Kiingereza chenyewe, unayoiona katika "inside" na "income", na hiyo haimsumbui mtu.

Kinachofanya jambo liwe gumu ni kwamba zile mbili za Kilatini hazitofautiani kwa sura, na zinapokutana na herufi fulani hubadilika kwa namna ile ile. Mbele ya p, b na m zote mbili huwa im-. Mbele ya l huwa il-. Mbele ya r huwa ir-. Ndiyo maana "impossible" ni jambo lisilowezekana, lakini "import" si kukataa kubeba, bali ni kuingiza bidhaa nchini. "Illegal" ni kinyume cha sheria, ilhali "illuminate" ni kutia mwanga. "Irregular" ni kisichofuata utaratibu, ilhali "irrigate" ni kupeleka maji shambani. Ukiwa na herufi za mwanzo peke yake mkononi, huna njia ya kujua ni in- ipi uliyoishika. Lazima ulijue neno zima.

Wenye lugha yao wenyewe walikwishaliona tatizo la utingo wako. Katika miaka ya 1920, chama cha Marekani kinachoshughulikia kinga ya moto, kijulikanacho kwa kifupi kama NFPA, kilianza kuhimiza watu waandike "flammable" badala ya "inflammable" kwa hofu kwamba mtu angeisoma in- hiyo kama ukanushi na kufanya kile ambacho kijana wako alitaka kufanya. Ndiyo maana leo utakuta maneno yote mawili, "flammable" na "inflammable", yakiwa na maana moja, na kisichoshika moto kinaitwa "non-flammable". Kwenye lori lako, ndugu yangu, usitegemee hata maneno hayo. Tazama bango jekundu la mraba uliosimamishwa kwa pembe yake, lenye mchoro wa mwali juu na tarakimu 3 chini, ambalo ni la vimiminika vinavyoshika moto, na ile namba 1203, ambayo ni ya petroli katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Mchoro wa mwali hauna kiambishi.

Wasomaji wetu wa Burundi na Kongo waliosoma Kifaransa wana mtego wao wa ziada. "Inflammable" kwao ni ile ile, kinachoshika moto, na kisichoshika huitwa "ininflammable", ambapo zile in- mbili zimepangwa foleni, moja ikiikana nyingine iliyo nyuma yake. Lakini nyumba inayoitwa "inhabitée" kwa Kifaransa haina mtu, ilhali nyumba ambayo Mwingereza anaiita "inhabited" ina watu ndani. Neno ni lile lile la Kilatini la kukaa mahali. Mfaransa amelibandika in- ya kukana, Mwingereza akalichukua lile lenye in- ya ndani.

Na niungame kosa langu mwenyewe, maana si haki nimseme kijana wa watu peke yake. Nilipoanza kazi ya kufasiri nilipewa cheti cha kumuaga mtumishi wa ofisi fulani aliyekuwa anastaafu, nikakuta humo maneno "his invaluable service". Nikaandika bila kusita: "kwa utumishi wake usio na thamani". Cheti kikachapishwa, kikatiwa fremu, na mzee akakisoma kwa sauti mbele ya wanawe. Katika "invaluable" ile in- ni ya kukana kweli, lakini kinachokanwa ni kupimika kwa thamani, si kuwapo kwake. Nilipaswa kuandika "utumishi wenye thamani isiyokadirika". Kwa hiyo hata ukishajua kwamba in- inakana, bado uulize inakana nini. Mzee alinisamehe, ingawa kila tulipokutana msikitini aliniita "bwana usio na thamani".

SWALI: Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari. Niliwaeleza wanafunzi kwamba neno aljebra lina asili ya Kiarabu na kwamba al- ya mwanzo ni ya Kiarabu. Mmoja akauliza kama ni hivyo pia kwa "alcohol", "album", "alarm", "alligator" na "alone". Nilimwambia nitarudi na jibu. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Katika hayo matano ni moja tu lenye al- ya Kiarabu, mwalimu, nalo ni lile ambalo wengi wasingelidhania, "alcohol". Lakini tuanze na aljebra yako, kwa kuwa ina hadithi inayofaa kusimuliwa darasani.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika Baghdad, yapata mwaka 820, kitabu cha hesabu ambacho katika jina lake yalikuwamo maneno "al-jabr" na "al-muqabala". Al- ni kile kijineno ambacho Mwarabu hukitanguliza mbele ya jina la kitu kuonyesha kwamba anataja kitu mahususi, na "jabr" ni kurudisha kilichovunjika au kilichopungua mahali pake. Katika hesabu ilikuwa na maana ya kuhamisha kilichopunguzwa upande mmoja wa mlinganyo na kukirudisha upande wa pili kama nyongeza, jambo ambalo wanafunzi wako wanalifanya kila siku. Lakini neno lile lile lilitumika pia kwa kazi ya kuunga mifupa, na Wahispania walipolichukua walimwita muunga mifupa "algebrista". Mzizi huo wa j-b-r tunao sisi pia katika neno jabari. Jina la mwanachuoni mwenyewe, ambalo lamaanisha mtu wa Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, lilipitia Kilatini likawa "algorithm", kwa hiyo al- iliyomo katika neno hilo linalotajwa sana siku hizi ni ya nasaba ya mtu.

"Alcohol" ni "al-kuhl", na kuhl ni wanja, ule unga mweusi laini wa kupaka machoni. Wanakemia wa Ulaya walilichukua neno hilo kwa unga wowote laini sana, kisha kwa kiini chochote kilichotolewa katika kitu kwa kukisafisha kwa moto, na katika karne ya 16 tabibu Paracelsus akalitumia kwa kiini cha mvinyo. Baadaye mvinyo ukaachwa njiani na neno likabaki na roho yake peke yake. Hivyo ndivyo kitu cha kumpamba bibi harusi wa Lamu kilivyokuja kuwa jina la kitu ambacho babaye hakiruhusu mlangoni. Wenzake "alcohol" walio wa ukoo huo kwa yakini ni "alkali", kutoka "al-qali", majivu ya mimea ya nchi ya chumvi. "Alchemy", kutoka "al-kimiya". Na "alcove", ile sehemu ya chumba iliyoingia ukutani, ambayo kwa njia ya Kihispania imetoka katika "al-qubba", neno lile lile tunaloliita sisi kuba tunapotazama paa la msikiti.

Kwa nini Waingereza walichukua maneno pamoja na al- yake, ilhali sisi tulioishi na Waarabu karibu zaidi mara nyingi tuliiacha nje? Njia ilikuwa Hispania. Waislamu waliingia huko mwaka 711 na dola yao ya mwisho, Granada, ikaanguka mwaka 1492, na katika karne hizo Wahispania na Wareno walizoea kuyabeba maneno ya Kiarabu yakiwa na kijineno chake mgongoni. Sukari kwao ni "azúcar" na pamba ni "algodón". Waitalia, waliofanya biashara na Waarabu kwa njia nyingine, waliichukua sukari na pamba bila kijineno, na Kiingereza kikapata "sugar" na "cotton" zikiwa tupu kama sukari yetu. Biringani nayo imepita njia zote mbili: Kiarabu ni "badinjan", sisi tukachukua bila al-, Wahispania wa Katalonia wakaichukua pamoja nayo, Wafaransa wakaigeuza "aubergine", na Mwingereza akaipokea hivyo. Ala yetu ya taarabu, udi, ni "al-ud" ya Kiarabu. Mwingereza anaiita "lute", ambapo a imeanguka na l ikabaki imeng'ang'ania mbele ya neno.

Hata sisi, mwalimu, tunazo al- tulizozisahau. Alfajiri na alasiri zimebeba al- yake wazi, na Alhamisi pia. Asubuhi na adhuhuri nazo zimeibeba, ila l imemezwa na herufi iliyofuata, kama wanavyofundishwa watoto wa madrasa kuhusu herufi za kishamsi: "as-subh", "adh-dhuhr". Kwa njia hiyo hiyo Kiingereza kina "azimuth", kutoka "as-sumut", bila l yoyote inayoonekana. Na kwa kuwa tumeitaja Alhamisi, nani amewahi kukaa akafikiri kwamba wiki yetu ina siku mbili za tano zilizofuatana? Jumatano ni ya tano tukihesabu kutoka Jumamosi kwa Kiswahili, na siku inayofuata ni "al-khamis", ya tano kwa Mwarabu anayehesabu kutoka Jumapili.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wako na yale manne yaliyobaki. "Album" imetoka katika Kilatini "albus", nyeupe. Kwa Warumi ilikuwa ubao mweupe wa kuandikia matangazo ya watu wote, na baadaye kitabu chenye kurasa tupu za kujaza. "Alarm" ni mwito wa kijeshi wa Kiitalia, "all'arme", kwenye silaha! "Alone" ni Kiingereza kitupu, "all" na "one" zilizounganishwa, yaani mmoja peke yake kabisa, na "also", "almost" na "always" zina "all" hiyo hiyo. "Alligator" ndiyo itakayomfurahisha zaidi: ina kijineno mbele kweli, ila ni cha Kihispania, "el lagarto", yule mjusi. Mabaharia wa Kihispania walimwona mamba wa Marekani wakamwita mjusi, na Waingereza wakasikia vyote viwili kama neno moja.

Mpe na haya mawili ya nyongeza. "Almond", ambayo sisi tunaiita lozi kutoka Kiarabu, haina asili ya Kiarabu kwa Kiingereza. Ni neno la Kigiriki "amygdale", ambalo halikuwa na l pale mbele. Inafikiriwa kwamba l hiyo iliingizwa na watu waliokwishazoea kusikia al- nyingi, na Waingereza wengi hadi leo wanaiandika bila kuitamka. Almasi nayo ina kisa cha namna hiyo hiyo upande wa pili. Asili yake ni Kigiriki "adamas", kisichoshindika, ambayo Waarabu waliipokea ikawa "almas", kisha baadhi yao wakadhani al- ya mwanzo ni kijineno chao wenyewe na wakaanza kusema "mas". Kwa hiyo si Mswahili peke yake anayedanganywa na mwanzo wa neno; Mwarabu amedanganywa na al-.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kwa nini "knee", "knife", "know" na "knot" zinaanza na k isiyotamkwa? Je, k hiyo ina maana? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. K hiyo haina maana yoyote, ila zamani ilitamkwa. Mwingereza wa mwaka 1400 alisema k na n zote mbili, kama Mjerumani anavyosema "Knie" kwa goti hadi leo. Ilipofika karne ya 17 ulimi ulianza kuiacha, lakini wachapaji vitabu walikuwa wamekwishazoea kuiandika. Kumbuka tu kwamba "knight", askari wa farasi mwenye heshima zake, anatoka katika neno lililokuwa na maana ya kijana au mtumishi, na kwa Kijerumani "Knecht" amebaki kuwa mtumishi wa shamba. Cheo kilipanda Uingereza, kikabaki chini Ujerumani.

SWALI: Nikiwa muuguzi ninasoma sana vitabu vya Kiingereza, na nimegundua kwamba "sneeze", "snore", "sniff", "snort", "snot" na "snout" yote yanahusu pua. Je, sn- ni kiambishi cha pua? Na je, kuna mafungu mengine ya namna hii? (Muuguzi, Unguja)

JIBU: Umeona kweli, dada muuguzi, na umeona jambo ambalo wataalamu wenyewe wamebishana juu yake kwa muda mrefu. Chafya, kukoroma, kunusa, kutoa pumzi kwa kishindo puani, kamasi, na pua ndefu ya nguruwe: yote sita kwa Kiingereza yanaanza na sn-, na unaweza kuongeza "snuff", ugoro. Hata hivyo sn- si kiambishi. Ukiiondoa katika "sneeze" hubaki na neno lolote, ilhali ukiondoa m- katika mtoto unabaki na shina unaloweza kulitia ki- au u-. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth mwaka 1930 aliyapa mafungu kama haya jina lake la kitaalamu, "phonaestheme". Maana yake kwa maneno mepesi ni sauti ambazo zimezoeana na maana fulani bila kuwa sehemu halisi ya neno. Wala mazoea hayo hayafungi: "snow" ni theluji, "snake" ni nyoka na "snail" ni konokono, na konokono hapigi chafya.

Lakini mazoea yana nguvu yake, na ushahidi ninaoupenda ni hiyo "sneeze" yenyewe. Katika Kiingereza cha kale haikuanza na sn-, bali na fn-: kupiga chafya kulikuwa "fneosan". Mwanzo huo wa fn- ulikufa katika lugha, na neno lilipotafuta pa kukaa lilikwenda kukaa na wenzake wa pua. Wapo wanaosema kwamba s ndefu ya maandishi ya zamani ilifanana mno na f na kwamba wasomaji walikosea. Hata kama ni hivyo, kosa lilikubaliwa upesi kwa sababu lilisikika kama kweli.

Sisi pia tunayo ya kwetu. Tazama koo, koromeo, kohoa, kohozi, koroma. Kohozi na kohoa ni mtu na nduguye, hilo liko wazi. Lakini hata pale ambapo undugu si wazi, nani anayesikia ko- hiyo bila koo lake kujibu? Na bado kobe na kokoto hawamo. Fungu la Kiingereza la gl- ni la mwanga, "glow", "gleam", "glitter", "glint", "glare", na sina la kuongeza hapo ila kwamba "glue" ni gundi na "glove" ni glavu.

Fungu la wr- ndilo ambalo ningependa ulikalie kidogo, kwa kuwa linatuhusu. W ile haitamkwi sasa, kama k ya "knee", lakini ilitamkwa. Yatazame maneno yenyewe: "wring" ni kukamua nguo kwa kuisokota, "wrench" ni kupopotoa kwa nguvu, na pia kifaa cha fundi cha kufungulia nati, "wriggle" ni kujinyonganyonga kama funza, "wreath" ni shada lililosukwa likawa duara, "wrist" ni kifundo cha mkono, pale mkono unapogeukia, "wrestle" ni kupigana mieleka. Yote yana kuzunguka na kupinda ndani yake, na hapa tofauti na sn- mengi ni ya ukoo mmoja kweli. "Write" haimo, kwani asili yake ni kukwaruza, watu wakichora alama juu ya mti na jiwe. Lakini "wrong" imo. Ilitoka kwa watu wa Skandinavia, na maana yake ya kwanza ilikuwa kilichopinda, kisichonyooka, ndipo ikawa kosa na dhuluma.

Sasa chukua kamba mkononi. Kuipota ni kuisokota nyuzi kwa nyuzi. Kupopotoa ni kuzungusha kitu kwa nguvu, kama mtu anavyopopotoa kifundo cha mkono wa mwenzake. Kupotoa ni kukipinda kitu kitoke katika unyofu wake. Na mtu aliyepotoka, mwenye tabia potovu, ndiye hasa Mwingereza anayesema juu yake "wrong". Lugha mbili ambazo hazikuwa na jambo la kuambizana zimepita mkondo ule ule kutoka kwenye kamba hadi kwenye maadili. Hata yule anayesema mambo yamekwenda kombo anasema kwamba yamepinda.

SWALI: Mimi ni Mswahili ninayeishi Muscat. Mwanangu, anayesoma shule ya Kiarabu, ananiambia kwamba Waswahili tumekosea kusema "vitabu", kwa kuwa wingi wa "kitab" ni "kutub". Nimwambie nini? (Baba wa watoto watatu, Muscat)

JIBU: Mwambie kwamba kwa Kiarabu ana haki na kwa Kiswahili hana. Ki ya kitabu ni sehemu ya mzizi wa k-t-b, ule ule unaotupa katibu na maktaba, na mtu wa kwanza kusema vitabu alikuwa ameisikia ki hiyo kwa sikio la Kiswahili: ki- ya kiti, ya kisu, ya kikombe. Akaitendea kama alivyovitendea hivyo. Lilikuwa kosa la namna ile ile ya Mwarabu na almasi, na leo ni sarufi; atakayesema "kutub" sokoni Kariakoo ataulizwa anauza nini.

Lakini usimwambie kwamba Mswahili hufanya hivyo kila mahali, maana mtoto mwerevu atakukamata. Waziri anaanza na wa- na hakuna aliyewahi kudhani kwamba ni wengi. Wakiwa wengi ni mawaziri, na mmoja wao si mziri. Maneno mengine yalinaswa, mengine yakapita salama, na sioni kanuni iliyoamua nani anaswe.

Ya Kiingereza nayo tumeyafanyia hivyo hivyo. Kibao cha barabarani cha "keep left", kilichomwamuru dereva abaki kushoto, kilisimama kwenye mizunguko ya njia panda, na mzunguko wenyewe ukaitwa kiplefti. Basi mji ukiwa na mizunguko miwili una viplefti viwili, ingawa "keep" ya Kiingereza ni kitenzi. Na "mudguard", bati la kuzuia tope juu ya gurudumu la baiskeli, ilipoingia ikawa madigadi, na sikio la Kiswahili likasikia ma- ya wingi. Mpeleke mwanao, mkija likizo, kwenye duka la vipuri vya baiskeli aombe madigadi. Muuzaji ataweka mawili juu ya meza, na kama gurudumu lililoharibika ni la nyuma tu, atarudisha moja rafuni na kumwuzia digadi.